Tumbo la Nyoka Halitoshi: Mjadala wa Ushahidi Dhidi ya Nyoka Vamizi

Katika mijadala kuhusu nyoka vamizi, yaani nyoka waliofikishwa na binadamu mahali pasipo asili yao kisha wakaenea, pande mbili hushindana kwa hoja ambazo mara nyingi hazikutani. Upande wa kwanza hutoa picha ya chatu aliyepasuliwa tumbo, ndani yake mna mabaki ya mnyama adimu, kisha huuliza ni ushahidi gani zaidi unaotakiwa. Upande wa pili hujibu kwamba kula wanyama ndiyo kawaida ya nyoka, kwamba wanyama hao walikwisha kuanza kupungua zamani kwa sababu ya ujenzi, barabara, paka na magonjwa, na kwamba nyoka anabebeshwa lawama kwa kuwa hana mtetezi. Nimefuatilia mabishano haya kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma tafiti zenyewe badala ya vichwa vya habari, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba pande zote mbili zinagombania jambo ambalo halina ubishi. Kwamba nyoka amemla mnyama fulani ni jambo moja. Kwamba spishi nzima ya mnyama huyo inapungua kwa sababu ya nyoka ni jambo lingine kabisa. La kwanza huonekana kwa kisu na meza. La pili hudai kwamba kila maelezo mengine yawekwe kwenye mizani na kupimwa, na ni watafiti wachache waliowahi kufanya kazi hiyo hadi mwisho.

Tuanze na tumbo lenyewe. Chatu wa Burma, ambaye asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, alitambuliwa mwaka 2000 kuwa anazaliana porini katika Hifadhi ya Taifa ya Everglades, eneo la vinamasi vya nyasi kusini mwa Florida, Marekani. Tangu hapo maelfu wamekamatwa, na matumbo ya wengi wao yamefunguliwa maabara. Kinachotoka humo kwa kawaida si mnyama mzima wa kupigwa picha. Ni tope zito lenye harufu kali, na ndani yake vipande ambavyo asidi ya tumbo imeshindwa kuvimaliza: nywele, kwato, kucha, meno na manyoya. Manyoya ya ndege yalipelekwa kwa Carla Dove wa Taasisi ya Smithsonian, mtaalamu ambaye kazi yake ya kila siku ni kutambua ndege waliogongana na eropleni kwa kutazama mabaki yao. Unyoya uliotoka tumboni huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, hukaushwa kwa hewa hadi ukafumuka tena, kisha vinyuzi vya sehemu yake laini, ile iliyo karibu na shina, huwekwa chini ya hadubini ili kutazama vifundo vidogo ambavyo umbo na mpangilio wake hutofautiana baina ya makundi ya ndege. Baada ya hapo unyoya hulinganishwa na ngozi za ndege zilizohifadhiwa kwenye makumbusho, ambazo ni zaidi ya laki sita. Ni kazi ya subira, na mwaka 2011 ilizaa orodha ya spishi 25 za ndege kutoka matumbo ya chatu 85 waliokamatwa hifadhini.

Miongoni mwa ndege hao alikuwamo korongo wa vinamasi vya Marekani, ambaye wakati huo alikuwa kwenye orodha ya serikali ya nchi hiyo ya viumbe walio hatarini kutoweka. Habari hiyo ilisambaa haraka, na kila aliyetaka kuonyesha ubaya wa chatu aliitaja. Hata hivyo mwaka 2014 korongo huyo alishushwa daraja katika orodha hiyohiyo, kutoka kundi la walio hatarini kutoweka hadi kundi la wanaotishiwa tu, kwa kuwa idadi yake kwa jumla ilikuwa imeongezeka na makoloni yake ya kuzalia yalikuwa yameenea kaskazini hadi Georgia na Carolina. Simaanishi kwamba chatu ni rafiki wa korongo. Ninachosema ni kwamba unyoya wa kweli, uliotambuliwa na mtaalamu wa kweli kwa njia isiyo na dosari, haukuweza kutabiri hata mwelekeo wa idadi ya ndege husika. Atakayesimama mbele ya watu na kusema kwamba unyoya huo ulithibitisha korongo anamalizwa na chatu atakuwa amesema jambo ambalo hesabu inalikanusha.

Tumbo lina kasoro nyingine ambazo wapasuaji wenyewe huzieleza vizuri kuliko wapinzani wao. Chatu wengi hukamatwa barabarani na kwenye kingo za mifereji, kwa sababu huko ndiko binadamu hupita, kwa hiyo mlo wao unaweza kuwa mlo wa chatu wa barabarani. Mnyama laini humeng'enywa upesi na kuacha alama chache kuliko mwenye kwato. Na zaidi ya yote, hatujui tugawe kwa ngapi, yaani chatu wote ni wangapi. Mwaka 2013 jimbo la Florida liliandaa shindano la kuwinda chatu, watu wapatao 1,600 wakajiandikisha, na chatu waliopatikana walikuwa 68. Wanasayansi wa serikali wanakadiria kwamba uwezekano wa mtu kumwona chatu aliyepo mbele yake katika nyasi zile uko chini ya asilimia moja. Kwa hiyo anayetaja idadi kamili ya chatu wa Everglades anabahatisha, na anayezidisha idadi hiyo ya kubahatisha kwa milo iliyoonekana tumboni anabahatisha mara mbili.

Ni lini basi tunaweza kusema kwa haki kwamba nyoka ndiye chanzo? Mfano ninaourudia kila mara ni wa kisiwa cha Guam, katika Bahari ya Pasifiki, na ningependa kukaa nao kidogo kwa sababu watu wengi wanajua hitimisho lake lakini hawajui lilivyofikiwa.

Nyoka wa kahawia wa mitini alifika Guam baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yumkini akiwa amejificha katika shehena za kijeshi zilizotoka Manus, kaskazini mwa Papua Guinea Mpya. Miaka ya 1960 ndege wa msituni walianza kutoweka kusini mwa kisiwa. Ukimya huo ulisogea kaskazini mwaka hadi mwaka, hata ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndege waliosalia walikuwa wamebanwa katika eneo dogo la msitu wa kaskazini. Leo ni rahisi kushangaa kwa nini hakuna aliyemtaja nyoka mapema. Lakini wakati ule dhana ya kwamba nyoka mmoja anaweza kufuta ndege wa kisiwa kizima ilionekana kuwa ya ajabu, na palikuwa na washukiwa wenye sifa mbaya zaidi. Dawa ya kuua wadudu ya DDT ilikuwa imemwagwa kwa wingi kisiwani. Huko Hawaii, malaria ya ndege ilikuwa imejulikana kuwa muuaji. Misitu ilikuwa imeharibiwa kwa vita na ujenzi. Kila moja ya sababu hizo ilikuwa na mantiki, na mtu angeweza kuandika ripoti nzuri juu ya yoyote kati yake.

Julie Savidge, ambaye utafiti wake ulichapishwa mwaka 1987, hakuanza kwa kumtuhumu nyoka bali kwa kuwapima washukiwa wote pamoja naye. Mabaki ya dawa yalichunguzwa katika miili ya wanyama na kukutwa kwa viwango vya chini mno kuweza kueleza vifo vilivyotokea. Magonjwa yalitafutwa, na hayakuonekana yenye uwezo wa kufuta jamii nzima ya ndege. Ndege waliwekwa katika vizimba ambavyo mbu waliweza kuingia lakini nyoka hawakuweza, na hawakufa kwa ugonjwa kama dhana ya maradhi ilivyotaka. Uharibifu wa misitu nao haukutosha, maana ndege walitoweka hata mahali ambapo msitu ulibaki mzuri. Kisha Savidge alikusanya kumbukumbu za wakazi na maandishi ya zamani ili kujua nyoka walionekana wapi na lini, na ramani ya kuenea kwa nyoka ikalandana na ramani ya kutoweka kwa ndege. Mwisho aliweka mitego yenye kware hai kama chambo katika maeneo mbalimbali. Pale ambapo ndege wa porini walikwisha kutoweka, kware waliliwa upesi. Pale ambapo ndege bado walikuwapo, kware walidumu zaidi.

Angalia mpangilio wa ushahidi huo. Hakuna kipande kimoja kinachojitegemea. Ramani mbili kulandana kungeweza kuwa sadfa, kwa sababu mambo mengi huenea kutoka bandarini kwenda bara. Mitego ya kware peke yake ingeonyesha tu kwamba nyoka wana njaa. Vizimba vya mbu peke yake vingeonyesha tu kwamba ugonjwa haukuwapo miaka hiyo. Lakini dhana ya dawa, dhana ya ugonjwa na dhana ya msitu kila moja ilianguka kwenye kipimo chake, na dhana ya nyoka ilifaulu kipimo ambacho ingeweza kushindwa. Visiwa jirani kama Rota, ambavyo havikuwa na nyoka huyo, viliendelea kuwa na ndege wa msituni. Hata walionusurika Guam wanaeleza jambo: mbayuwayu wadogo wa mapangoni walibaki katika pango ambalo kuta zake ni vigumu kwa nyoka kuzikwea hadi kwenye viota.

Hasara yenyewe inajulikana. Kati ya spishi kumi na mbili za ndege asilia wa msituni wa Guam, kumi zilitoweka kisiwani. Mdiria wa Guam, ambaye wenyeji humwita sihek, alitoweka porini mwaka 1988 na akabaki vizimbani tu, hadi mwaka 2024 ambapo ndege tisa waliachiliwa katika kisiwa cha mbali cha Palmyra. Ko'ko', ndege asiyeruka, naye alitoweka porini miaka hiyohiyo ya 1980. Alipopelekwa Rota na katika kisiwa kidogo cha Cocos kilicho karibu na Guam, mahali ambapo nyoka hawakuwapo, aliweza kuishi na kuzaliana, na mwaka 2019 hadhi yake ikabadilishwa kutoka aliyetoweka porini hadi aliye katika hatari kubwa mno. Huo nao ni ushahidi, tena wa aina ninayoithamini sana: ondoa nyoka katika hesabu, wacha mengine yabaki jinsi yalivyo, kisha tazama kama ndege anaishi. Mwaka 2020 nyoka wa mitini waligunduliwa Cocos pia, na kwa mtu anayejali ndege hao habari hiyo ilikuwa mbaya kuliko picha yoyote ya tumbo lililopasuliwa.

Sasa turudi Florida tukiwa na kipimo hicho mkononi. Mwaka 2012 Michael Dorcas na wenzake walichapisha matokeo ya kuhesabu mamalia barabarani usiku ndani ya Everglades, katika safari zilizofikia karibu kilomita 57,000 kati ya mwaka 2003 na 2011, wakilinganisha na kumbukumbu za miaka ya 1990 kabla chatu hawajawa wengi. Rakuni (mamalia mdogo wa Marekani mwenye alama nyeusi usoni) walioonekana walipungua kwa asilimia 99.3, oposamu (mamalia mwingine wa huko, anayebeba watoto mfukoni) kwa asilimia 98.9, na paka-pori wa Marekani kwa asilimia 87.5. Sungura hawakuonekana hata mmoja. Takwimu hizo zilizunguka dunia nzima.

Wapinzani walikuwa na hoja, na si haki kuwapuuza eti kwa sababu baadhi yao walikuwa wafugaji na wauzaji wa nyoka waliokuwa na biashara ya kulinda. Walisema kwamba kabla na baada si chanzo na matokeo. Katika kipindi hichohicho maji ya Everglades yalikuwa yakisimamiwa kwa namna mpya, magonjwa ya rakuni yalikuwapo, na kuhesabu wanyama barabarani kunaweza kupima tabia ya kuvuka barabara badala ya idadi yao. Watafiti walikuwa na jibu la sehemu: mahali ambapo chatu hawajafika, au wamefika karibuni, mamalia hao bado walionekana kwa wingi. Hilo ni sawa na ramani mbili za Guam kulandana, yaani ni dalili nzito ambayo bado inahitaji jaribio. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima hapandi kwa kutazama wingu pekee.

Jaribio lilikuja mwaka 2015, na kwa maoni yangu ndilo lililobadilisha mjadala kuliko asilimia zote za 2012. Robert McCleery na wenzake waliwachagua sungura wa vinamasi kwa makusudi, kwa kuwa sungura huzaliana upesi na ungetegemea wawe wa mwisho kuzidiwa na mwindaji. Waliwavisha sungura 95 kola zenye redio, wakawaachilia wengine ndani ya hifadhi na wengine katika maeneo ya kulinganishia nje yake. Mwanzoni sungura wa hifadhini walistawi na hata kuzaliana, jambo ambalo peke yake lilizika hoja ya kwamba mazingira ya Everglades yameharibika kiasi kwamba sungura hawezi kuishi humo. Kisha joto lilipopanda na chatu wakaamka, ishara zikaanza kubadilika. Mtafiti aliyefuata mlio wa kola ndani ya nyasi hakukuta mzoga. Alimkuta chatu, na mlio ulikuwa unatoka ndani yake. Asilimia 77 ya sungura waliokufa hifadhini waliuawa na chatu. Katika maeneo ya kulinganishia hakuna aliyeuawa na chatu, na wauaji wengi walikuwa mamalia, kama ambavyo imekuwa siku zote kwa sungura.

Jaribio hilo lina mipaka, na ni vyema itajwe: ni spishi moja, kwa muda usiozidi mwaka, na sungura waliohamishwa huenda wakawa wepesi kukamatwa kuliko waliozaliwa pale. Lakini linafanya kile ambacho tumbo haliwezi kufanya, yaani linaanza na mawindo hai wanaojulikana idadi, na kumfuata kila mmoja hadi kifo chake. Linagawa kwa idadi inayojulikana.

Baada ya hapo ushahidi mwingine ulianza kuingia kwa milango ya nyuma, kutoka kwa watu ambao hawakuwa wakiwahesabu mamalia hata kidogo. Viota bandia vya kobe vilivyowekwa mahali penye chatu viliibiwa mayai kidogo kuliko vilivyowekwa mahali pasipo na chatu, kwa kuwa rakuni, mwizi mkuu wa mayai, hayupo. Wachunguzi wa mbu nao waligundua kwamba jamii ya mbu ambayo mwaka 1979 ilipata takriban asilimia 15 ya damu yake kutoka kwa panya mmoja wa nyasini, mwaka 2016 ilikuwa ikipata takriban asilimia 77 kutoka kwa panya huyohuyo. Mamalia wakubwa waliokuwa wakigawana mbu na panya hawapo tena, na panya huyo ndiye anayebeba virusi vinavyoitwa vya Everglades, ambavyo vinaweza kumwambukiza binadamu. Ushahidi wa namna hii hunishawishi kwa sababu haukutafutwa. Mtu anayetaka kumtetea chatu sasa hana budi kubuni ugonjwa au mabadiliko ya maji yanayoua rakuni, yanayowaacha panya, yasiyowadhuru sungura hadi joto lipande, na yanayokoma palepale chatu wanapokoma.

Mjadala wa Florida una vurugu nyingine ambazo nitazipita haraka. Ile hadithi kwamba chatu wote wanatokana na kituo cha ufugaji kilichobomolewa na kimbunga Andrew mwaka 1992 inapendwa sana, lakini uchambuzi wa jinsi idadi ilivyokua unaonyesha kwamba walikuwa wamejiimarisha kabla ya hapo, pengine katikati ya miaka ya 1980, na kwamba wanyama wa kufugwa walioachiliwa au kutoroka ndio chimbuko. Ugomvi wa ramani za hali ya hewa ulikuwa mkali zaidi. Mwaka 2008 wanasayansi wa serikali walitoa ramani iliyoonyesha kwamba karibu theluthi ya Marekani ina hali ya hewa inayomfaa chatu huyo, na mwaka huohuo kundi jingine likachapisha ramani yenye karibu Florida ya kusini na kipande cha Texas tu. Baridi ya Januari 2010 iliua chatu tisa kati ya kumi waliokuwa wakifuatiliwa kwa redio Everglades, na chatu kumi waliowekwa kwa majaribio katika zizi la wazi South Carolina walikufa wote. Ramani kubwa ilikuwa imezidisha. Bahati mbaya ni kwamba kosa hilo liliwapa wafanyabiashara wa nyoka fimbo ya kupigia hata tafiti ambazo hazikuhusiana nalo, na kwa miaka kadhaa mtu akitaja sungura alijibiwa kwa ramani.

Kuna upande wa pili wa uzembe huu wa hoja, nao ni kumtuhumu nyoka pale ambapo ushahidi haufiki. Katika Kisiwa cha Christmas, eneo la Australia katika Bahari ya Hindi, nyoka mdogo wa Asia wa jenasi Lycodon alifika katika miaka ya 1980. Miaka iliyofuata mijusi wa asili waliporomoka, na popo mdogo aliyekuwa akipatikana kisiwani humo peke yake akatoweka. Sauti yake ya mwisho ilinaswa na vifaa vya kurekodi Agosti 2009, wakati watafiti walipokuwa hatimaye wamepewa kibali cha kukamata waliosalia ili wafugwe. Hawakukamata hata mmoja, na mwaka 2017 popo huyo alitangazwa kuwa ametoweka duniani. Utasikia watu wakisema kwa uhakika kwamba nyoka alimmaliza. Kuhusu mijusi, mimi naona kesi ya nyoka ni nzito, kwa sababu matumbo yake yamejaa mijusi na mijusi hao waliporomoka baada ya yeye kufika. Kuhusu popo, la. Kisiwa hicho kilikuwa pia na paka, panya weusi, tandu wakubwa, na sisimizi wageni waliobadilisha msitu mzima. Mwendo wa kutoweka kwa popo unaweza kulandana na nyoka, na unaweza kulandana na wengine pia. Hakuna aliyepata nafasi ya kumvisha popo kola na kumfuata, kwa sababu uamuzi ulichelewa hadi hakukuwa na wa kuvishwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodai kwamba uthibitisho kamili utangulie hatua yoyote. Kiwango cha ushahidi kinachotosha kumhukumu nyoka katika jarida la kisayansi si kile kinachotosha kumzuia asiingie msituni. Lakini vilevile ninatofautiana na wanaotumia udharura kama ruhusa ya kusema lolote. Huko Gran Canaria, kisiwa cha Uhispania katika Bahari ya Atlantiki, nyoka-mfalme wa California walioonekana porini tangu mwaka 1998 walichunguzwa kwa kulinganisha maeneo waliyovamia na yale ambayo bado hawajayafikia katika kisiwa hichohicho, na idadi ya mijusi wakubwa wa asili katika maeneo yaliyovamiwa ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 2021, haikusubiri mijusi iishe, na haikuhitaji kukisia. Palikuwa bado na sehemu isiyo na nyoka ya kulinganisha nayo. Ulinganisho wa namna hiyo unawezekana tu kabla uvamizi haujakamilika, na fursa yake hufungwa kila nyoka anapozidi kusonga.

Fursa hiyo bado iko wazi Key Largo. Kisiwa hicho, kusini-mashariki mwa Everglades, kina panya wa msituni ambaye hapatikani mahali pengine popote, na ambaye tangu mwaka 1984 yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ni mnyama mpole wa kujenga viota vikubwa vya vijiti katika kipande kidogo cha msitu kilichobaki kaskazini mwa kisiwa. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakifuatilia ishara ya panya mmoja mwenye kola waliipata ndani ya chatu, na huo ukawa ushahidi wa kwanza wa uhakika kwamba chatu amevuka hadi huko. Kwa wengi, kesi ilifungwa siku hiyo.

Haikufungwa. Panya huyo alikuwa taabani kabla chatu hajafika, na mshukiwa aliyekuwapo miaka yote ni paka wa kufugwa anayezurura. Panya waliozalishwa vizimbani na kuachiliwa msituni kuanzia mwaka 2010 waliuawa upesi, paka wakiwa miongoni mwa wauaji wakuu, na mpango huo ukasimama. Paka walipoondolewa kwa bidii, panya walianza kuenea tena na kurudia tabia yao ya kujenga viota. Mtu anayepigia kelele chatu huku akiwatetea paka kwa sababu wana majina na wenyewe anafanya siasa, hata kama mkononi ameshika jarida la sayansi. Ila pia si kweli kwamba paka wakithibitika basi chatu ameachiwa. Tangu mwaka 2022 watafiti wa kisiwa hicho wamewakuta chatu waliomeza oposamu na rakuni wenye kola, kiasi kwamba kola hizo sasa zinatumika kama njia ya kuwatafuta chatu wenyewe, ambao vinginevyo hawaonekani.

Kwa hiyo swali la Key Largo linaweza kujibiwa. Ikiwa paka wataendelea kudhibitiwa, chatu wakaendelea kuongezeka, na panya bado wakaenea katika sehemu zote za msitu, mimi nitakubali kwamba chatu, pamoja na ishara ile ya mwaka 2007, hakuwa tishio kubwa kwa panya huyo. Ikiwa panya watapungua kwanza katika sehemu ambazo oposamu wenye kola wanamezwa, huku sehemu nyingine zikibaki salama, basi watetezi wa chatu itawapasa wataje sababu nyingine inayofuata mipaka hiyohiyo. Viota vya vijiti vinaonekana kwa macho na vinaweza kukaguliwa upya kila msimu, kwa hiyo jibu halihitaji kusubiri hadi mtu ajue idadi ya chatu waliomo nyasini.